Kwa nini sentimita 10 za theluji zinafunga uwanja mmoja wa ndege, na mwingine unapokea mara tatu yake bila kusimama?

#1 Kipupwe
Wakuu, salaam.

Hoja yangu ni hii, mwenye kunibomoa anibomoe. Tarehe 18 Desemba 2010 Heathrow iliangukiwa na theluji isiyofika sentimita 10. Uwanja ukafungwa, safari zipatazo 4,000 zikafutwa ndani ya siku 5, maelfu ya abiria wakalala sakafuni. Huku Helsinki, Oslo na Stockholm theluji nyingi kuliko hiyo ni jambo la kila msimu, na ndege zinapishana tu.

Mimi nasema ni mashine. Aliyenunua plau (bamba la kusukuma theluji) anarusha ndege, asiyenunua anagawa mablanketi. Nani ana maelezo tofauti?

#2 Brashi Ndefu
Kipupwe, una nusu ya jibu. Tupige hesabu kwanza.

Njia ya kurukia yenye urefu wa mita 3,500 na upana wa mita 45 ni mita za mraba 157,500. Weka sentimita 10 juu yake, unapata mita za ujazo 15,750. Theluji mpya iliyo kavu ina kilo kama 100 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo una tani 1,500 na ushee. Ikiwa mbichi, uzito huo unafika hata mara tatu. Na hapo hujagusa njia za kuunganisha wala maegesho.

Mashine ya kazi hiyo ni lori lenye vitu vitatu kwa mpigo: plau mbele, brashi kubwa inayozunguka katikati, na kipuliza hewa nyuma. Plau inatoa mzigo, brashi inakwangua kilichong'ang'ania, hewa inafukuza unga uliobaki. Malori yanakwenda kwa mshazari, kila moja nyuma kidogo ya mwenzake, ili theluji ya wa kwanza ipokewe na wa pili, na wa pili na wa tatu, mpaka itoke ukingoni. Brashi moja inafagia upana wa mita kama 5, na lazima zipandiane kidogo, la sivyo unaachiwa mstari mweupe katikati ya njia. Kwa mita 45 unahitaji malori 10 hivi kumaliza kwa mkupuo mmoja. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, mita 3,500 zinaisha kwa dakika 5 na kitu. Ongeza muda wa kuingia, wa kutoka, mashine ya kurusha theluji mbali ili tuta lisizibe taa za ukingoni, gari la ukaguzi, na ripoti kwa mnara. Jumla dakika 10 hadi 15.

Ukiwa na malori 5 unapita mara mbili. Theluji ikishuka kwa kasi, ukifika mwisho wa njia, mwanzo umeshajaa tena.

#3 Msomaji wa Pembeni
Nimeweka kambi hapa. Wajuzi teremkeni.

#4 Bibi Jalidi
Naomba kutofautiana na mleta mada. Kinachoamua ni nyuzi joto kabla ya mashine.

Watu wanadhani baridi kali ndiyo ngumu. Nyuzi -15 ni nafuu kubwa: theluji ni kavu na nyepesi, haishikani, brashi na upepo vinamaliza kazi, na hata ikishindiliwa bado tairi linapata cha kung'ata. Balaa liko kati ya +1 na -3. Theluji hapo ni mbichi. Gurudumu la kwanza likipita linaishindilia, inanata kwenye lami. Mchana inayeyuka nusu, jua likizama inaganda na kuwa barafu. Kemikali uliyomwaga asubuhi imeshazimuliwa na maji, kwa hiyo unamwaga tena. London inacheza hapohapo karibu na sifuri. Kaskazini mwa Finland wanaivuka sifuri mwanzo wa msimu, kisha wanaiona tena msimu ukiisha.

Si maneno yangu tu. Kwenye mfumo wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, wa kuripoti hali ya njia kwa misimbo ya 6 (nzuri kabisa) hadi 0 (mbaya kabisa), ulioanza kutumika duniani tarehe 4 Novemba 2021, theluji iliyoshindiliwa kwenye nyuzi -15 au chini inapewa msimbo 4. Theluji hiyohiyo kwenye joto la juu ya hapo inashuka hadi 3. Barafu ni 1. Barafu yenye maji juu yake ni 0, na kwenye 0 hakuna anayetua.

#5 Ndugu Swali
Sasa kwa nini wasimwage chumvi kama barabarani? Rahisi na inapatikana.

#6 Kemia ya Usiku
Ndugu Swali, chumvi ya kawaida inakula aluminiamu, na ndege nyingi ni aluminiamu. Gari likiota kutu unapaka rangi. Ndege ikiota kutu kwenye kiungo cha bawa, hiyo ni habari nyingine.

Zamani kwenye viwanja ilitumika yurea. Ina kasoro mbili: ikishuka chini ya nyuzi -7 hivi haikusaidii kitu, na ikiingia mtoni inageuka amonia na kuua samaki. Siku hizi vimiminika ni asetati ya potasiamu au fomati ya potasiamu, na chembe kavu ni asetati au fomati ya sodiamu. Chembe zinamwagwa juu ya barafu iliyokwisha kuwepo ili zichimbe mashimo hadi kwenye lami. Kimiminika kinamwagwa kabla theluji haijaanguka, kiwe utando chini yake, brashi ikija isikute kitu kimenata. Ukikimwaga juu ya barafu nene kinayeyusha juu tu, na umejitengenezea ile barafu yenye maji ya Bibi Jalidi. Msimbo 0 kwa mikono yako mwenyewe.

Nazo hazina usalama mtupu. Chumvi za potasiamu zinachochea kaboni ya breki kuungua polepole kila breki zinapopata moto, diski inalainika na kumong'onyoka kabla ya wakati wake.

#7 Brashi Ndefu
Nyongeza kwa #6: kuna na mchanga. Unatumika pale kemikali imeshindwa na baridi. Lazima uwe wa chembe za ukubwa maalumu, na mara nyingi unapashwa moto ili ujizamishe kwenye barafu. Ukiwa mkavu na wa baridi, ndege ya kwanza inaupeperusha wote pembeni. Ukiwa wa chembe kubwa, feni ya injini inaumeza na mafundi wanakuja na tochi.

#8 Fundi Maegesho
Mnaongelea njia ya kurukia kana kwamba ndege inaishi pale.

Heathrow 2010 kilichochelewesha kurejea kwa huduma ni maegesho. Fikirieni ndege iliyopaki. Theluji imejaa chini ya tumbo, imezunguka magurudumu, usiku imeganda. Lori la brashi haliwezi kusogelea injini wala bawa, dereva akikosea nusu mita amegonga mali ya mamilioni. Kinachobaki ni mashine ndogo, kemikali ya kumwaga kwa mkono, na koleo. Treka ya kusukuma ndege nayo inateleza palepale. Sasa ndege hiyo haitoki, na inayotaka kutua haina pa kwenda. Njia inaweza kuwa nyeusi kabisa, na uwanja ukabaki umekufa.

Jambo jingine ni nani anayewajibika. Mwenye uwanja anasafisha njia, lakini futi chache kuzunguka ndege ni za nani? Zake, za shirika la ndege, au za kampuni inayohudumia ndege ardhini? Kama mkataba hausemi, kila mmoja anamsubiri mwenzake huku theluji inaganda. Ripoti ya Machi 2011 ya David Begg, aliyeongoza uchunguzi wa kufungwa kule, iliutaka uwanja ujipange kwa lengo la kutofungwa kabisa kwa mambo yaliyo ndani ya uwezo wake. Lengo la namna hiyo huanzia kwenye maegesho.

Arlanda, uwanja wa Stockholm, walikwenda mbali zaidi. Wana hifadhi ya maji ardhini: majira ya joto wanatumia ubaridi wake kwenye majengo, majira ya baridi ule uvuguvugu uliohifadhiwa unapasha hewa ya majengo na kuyeyusha theluji kwenye sehemu za kuegesha.

#9 Kipupwe
Fundi Maegesho, koleo nayo ni mashine, mabomba ya Arlanda nayo ni mashine. Naona mnazidi kunijengea hoja.

#10 Mzee Ratiba
Kipupwe usishangilie mapema. Kuna kitu kinaitwa nafasi ya kupumua.

Heathrow ina njia 2 na inahudumia safari kama 1,300 kwa siku, karibu na ukomo wake kila siku ya Mungu. Kila njia inabeba ndege 40 na zaidi kwa saa. Ifunge dakika 15 kuifagia, umepoteza safari kama 10. Ukifagia kila saa, ifikapo jioni una zaidi ya ndege mia ambazo hazina nafasi tena, kwa sababu saa inayofuata nayo ilishajaa tangu miezi 6 iliyopita. Helsinki ina njia 3 na safari chache kuliko hizo. Moja inafagiliwa, mbili zinafanya kazi, abiria hajui hata kama kuna jambo.

Ipe Heathrow malori yote ya Finland. Bado ndege za kufuta zitakuwepo.

#11 Bibi Jalidi
#10 umeongea vyema, ila hapo umeeleza safari 100 kufutwa kwa siku. Hujaeleza 4,000 kwa siku 5.

#12 Bawa Safi
Wote mnaongelea lami. Lami inaweza kuwa safi na bado hakuna ndege inayoondoka, kwa sababu foleni iko kwenye kunyunyiziwa, yaani ndege kumwagiwa kimiminika cha glaikoli na maji cha kuondoa na kuzuia barafu. Ngoja niiweke kazi yenyewe ilivyo.

Anayenyunyiza anaanza na rifraktomita, kifaa cha kupima ukali wa mchanganyiko. Tone moja la kimiminika juu ya kioo, kifuniko kinashushwa, unakielekeza kwenye mwanga na kusoma pale giza na mwanga vinapokutana. Aina ya I, ile ya rangi ya chungwa, lazima kiwango chake cha kuganda kiwe angalau nyuzi 10 chini ya joto la hewa. Mchanganyiko usiposomeka sawasawa, gari linarudi kujazwa upya.

Rubani kwa upande wake anahakikisha ndege imepangwa inavyotakiwa, mara nyingi flapi zikiwa ndani, na anafunga hewa inayoingia kabini ili abiria wasivute mvuke wa glaikoli. Aina ya I inatoka ya moto, angalau nyuzi 60 pale kwenye nozeli. Joto na msukumo ndivyo vinavyong'oa barafu. Glaikoli kazi yake ni kuzuia isigande tena. Unanyunyiza kutoka ukingo wa mbele wa bawa kwenda nyuma, ncha kuelekea kiwiliwili, na mabawa yote mawili yanapewa matibabu sawa hata kama moja halina kitu. Hunyunyizi moja kwa moja kwenye vipimo vya kasi, vipimo vya pembe ya upepo, mdomo wa injini wala breki za moto.

Kama theluji bado inaanguka inakuja hatua ya pili: Aina ya IV, ya kijani, nzito, kwa kawaida haipashwi moto. Inatakiwa iwahi kabla ya ile ya kwanza kuganda, kwa kawaida ndani ya dakika 3. Inakaa juu ya bawa kama tabaka nene, inameza theluji inayodondoka, kisha ndege ikishika kasi upepo unailainisha na kuitiririsha nyuma mpaka bawa libaki tupu. Ndiyo sababu ndege ndogo zinazoinuka kwa kasi ya chini haziipendi: kasi haitoshi kuiondoa.

Mwisho rubani anaambiwa aina, mchanganyiko na saa. Akishapewa hivyo, ana muda wa kinga wa kuhesabu, yaani muda ambao kimiminika kinalinda bawa lisigande. Aina ya I peke yake kwenye theluji ya kadiri haifiki robo saa. Aina ya IV inaweza kuvuka nusu saa. Muda ukiisha ukiwa kwenye foleni, bawa linakaguliwa upya au unarudi kunyunyiziwa, na uliyemtangulia anakupita.

#13 Rubani Mtarajiwa
Shukrani Bawa Safi, darasa zuri. Kwa hiyo wakimaliza tu kunyunyiza ndipo saa inaanza?

#14 Bawa Safi
La. Saa inaanza pale hatua ya mwisho INAPOANZA. Bawa la kwanza kunyunyiziwa linazeeka wakati wewe bado uko kwenye mkia. Kwa ndege kubwa hiyo tofauti inaweza kula dakika 10, na kwenye theluji nzito dakika 10 ndiyo bajeti yote.

#15 Kapero
Si wamwage glaikoli tupu bila maji? Ikiwa kali zaidi inakaa zaidi.

#16 Kemia ya Usiku
Kapero, kinyume chake. Ethilini glaikoli tupu inaganda kwenye nyuzi -13 hivi. Ichanganye na maji, glaikoli sehemu 6 na maji 4, inashuka chini ya -45. Maji na glaikoli vinazuiana kujipanga kuwa fuwele. Ndiyo maana #12 anasisitiza rifraktomita: mchanganyiko unaweza kukosewa kwa pande zote mbili.

Kilicho chini ya ndege nacho kina gharama yake. Glaikoli ikiingia kwenye maji, bakteria wanaoila wanamaliza oksijeni yote. Munich wananyunyizia kwenye majukwaa karibu na mwanzo wa njia za kurukia, wanakusanya kinachomwagika na kukichakata kitumike tena. Wanaokoa kimiminika, na pia muda wa kinga hauliwi na safari ndefu kutoka kwenye jengo. Toronto Pearson wana kituo kimoja kikubwa ambapo ndege inapita injini zikiwa zinawaka. Uwanja unaonyunyizia langoni unazuia lango, na lango likizuiwa turudi kwa Fundi Maegesho.

#17 Kapero
Sawa mwalimu, nimekaa chini.

#18 Slati
Nyongeza kwa #12. Ndege zenye mabawa ya kompoziti (nyuzi za kaboni badala ya chuma) kama 787 na A350 zina jedwali lao la muda wa kinga kwa Aina ya I, muda wake ni mfupi zaidi. Aluminiamu inahifadhi na kusambaza joto la kimiminika, kompoziti haifanyi hivyo vizuri.

Pia kuna hali ambazo jedwali halina namba kabisa. Mvua inayoganda, ya kadiri au nzito, haina muda wa kinga. Theluji nzito vilevile. Hapo uwe na malori 10 au 100, kwa kawaida ndege hairuki. Kwa hiyo Kipupwe, sehemu ya kufungwa unakokuona wewe ni sheria inafanya kazi yake.

#19 Ndugu Swali
Lakini si kuna rubani anayeona kabisa kuwa bawa liko sawa, kitabu ndicho kinachomzuia?

#20 Slati
Hicho kitabu kina makaburi nyuma yake.

13 Januari 1982, Air Florida 90, Washington. Boeing 737 ilikaa kwenye theluji baada ya kunyunyiziwa, marubani hawakuwasha kinga ya barafu ya injini, kipimo cha nguvu kikaziba na kuonyesha 2.04 huku nguvu halisi ikiwa kama 1.70. Ikagonga daraja na kuingia mto Potomac. Watu 78.

10 Machi 1989, Dryden, Canada, Fokker F28. Hii inahusu mada moja kwa moja. Injini ndogo ya mkiani, inayosaidia kuwasha zile kubwa, ilikuwa mbovu, na pale uwanjani hapakuwa na mtambo wa kuwashia injini kutoka ardhini. Wakizima injini kubwa hawataziwasha tena, na utaratibu ulikataza kunyunyiza injini zikiwaka. Wakaondoka na theluji juu ya mabawa. Watu 24.

27 Desemba 1991, SAS 751 kutoka Arlanda. Mafuta yaliyopoa kwenye bawa usiku kucha yaligandisha barafu angavu isiyoonekana kwa macho. Ndege ilipoinuka, barafu hiyo ikabanduka na kuingia injini mbili za nyuma, zote zikafa. Walitua shambani Gottröra na wote 129 wakapona. Barafu ile hugunduliwa kwa mkono: unapapasa bawa. Kwa hiyo "anaona liko sawa" haimtoshi mtu.

#21 Kipupwe
Dryden ilikosa mtambo mmoja. Narudia: mashine.

#22 Fundi Maegesho
Huyu jamaa hata meli ikizama atasema ni mashine.

#23 Njia Nyeusi
Turudi kwenye lami kidogo, maana kuna kitu hakijasemwa: unene. Theluji iliyoyeyuka nusu ni mbaya kuliko kavu kwa sababu inaivuta ndege nyuma wakati wa kuondoka. Ndege nyingi za abiria kikomo chake ni milimita 12 au 13 za theluji tope. Munich, 6 Februari 1958, ndege ya BEA, shirika la Uingereza, iliyowabeba Manchester United ilifika kasi ya noti (maili za baharini kwa saa) 117 kisha kasi ikarudi nyuma hadi 105 huku injini zikisukuma. Watu 23 walikufa. Lawama mwanzoni zilimwangukia kapteni James Thain kwa barafu ya mabawa. Miaka ikapita, uchunguzi wa Uingereza ukamsafisha mwaka 1969: kosa lilikuwa tope la theluji kwenye njia.

Kutua nako kuna yake. Chicago Midway, 8 Desemba 2005, ndege ya shirika la Southwest la Marekani ilipita mwisho wa njia ikaingia barabarani, mtoto wa miaka 6 ndani ya gari akafa. Rivasi za injini, zinazogeuza msukumo ili kupunguza mwendo, zilichelewa kufunguliwa, na taarifa za breki kutoka kwa marubani waliotangulia hazikufanana: mmoja anasema wastani, mwingine anasema hafifu. Kazi iliyofuata Marekani ndiyo iliyozaa misimbo ya 6 hadi 0 aliyoitaja Bibi Jalidi. Njia inagawanywa sehemu 3, kila sehemu inapewa msimbo wake kwa kuangalia ni nini kimeifunika, kwa unene gani na kwa eneo gani. Kila hali ikibadilika unatathmini upya.

#24 Rubani Mtarajiwa
Si kuna magari ya kupima msuguano, unasoma namba tu?

#25 Njia Nyeusi
Yapo, na yanamsaidia mkaguzi kufuatilia kama hali inapanda au inashuka. Lakini chini ya mfumo mpya namba zake hapewi rubani. Gari mbili za aina tofauti kwenye barafu moja zinatoa namba mbili, na kwenye theluji tope zote zinadanganya. Na hakuna gari lenye uzito na tairi za ndege ya tani 70.

#26 Antena
Mmesahau kitu kidogo kinachofunga uwanja kimyakimya. Antena ya mtelemko wa kutua, inayomwongoza rubani ashuke kwa pembe sahihi, inatumia ardhi iliyo mbele yake kama kioo cha kuakisi mawimbi. Theluji ikirundikana pale, uso wa kuakisi umepanda, antena ni kama imefupishwa, na pembe ya mtelemko inapanda. Ikizidi mipaka, mtambo unajizima au unashushwa daraja. Rubani anabaki na mwelekeo tu bila mtelemko, anahitaji mawingu ya juu zaidi ili atue. Siku ya theluji mawingu ya juu yanatoka wapi? Kwa hiyo lazima mtu atumwe kusafisha pale, nje kabisa ya lami, ambapo lori la brashi halifiki. Na madereva wa plau wanakatazwa kusukumia theluji upande huo, ingawa ndiko kwenye nafasi.

#27 Mzee Ratiba
Hii ya Antena nzuri sana.

Bibi Jalidi aliniuliza #11 zile siku 5 zinatoka wapi. Jibu: ndege na wafanyakazi wako mahali pasipo pao. Ndege iliyopaswa kulala London imelala Madrid, marubani wake saa zao za kazi zimeisha, wa akiba wamekwama mji mwingine. Uwanja ukifunguliwa, ratiba haifunguki nao. Desemba 2022 Southwest walifuta safari zaidi ya 16,000. Dhoruba ilipita na mashirika mengine yakarudi kazini ndani ya siku chache, ila mfumo wao wa kupanga wafanyakazi ulishindwa kujua nani yuko wapi. Wizara ya uchukuzi ya Marekani iliwatoza dola milioni 140 mwaka 2023. Plau hazikuwa tatizo pale.

#28 Fundi Maegesho
Na JFK ya New York Januari 2018 vilevile, ila kwa upande wangu. Dhoruba ya tarehe 4 ilifunga uwanja, ukafunguliwa, ndege zilizoelekezwa kwingine zikamiminika kwa pamoja. Malango yamejaa ndege ambazo hazijaondoka. Abiria walikaa ndani ya ndege zilizotua kwa saa nyingi. Juu ya hayo, tarehe 7 bomba la maji likapasuka kwenye jengo namba 4. Kila jengo pale lina mwendeshaji wake, na ndege ya jengo moja haipelekwi tu jengo lingine.

#29 Kipupwe
Basi nielezeni Denver. Desemba 2006 walifunga saa 45 hivi. Wana njia nyingi, kwa hiyo nafasi ya kupumua ipo, Mzee Ratiba. Baridi yao si ya London, Bibi Jalidi. Maegesho ni makubwa, Fundi. Mbona walizama?

#30 Bibi Jalidi
Ilianguka karibu nusu mita na upepo mkali juu yake. Upepo unarudisha ulichofagia.

#31 Mzee Ratiba
Na barabara ya kufika uwanjani ilizibwa. Zamu ya pili ya madereva inafikaje? Lori bila dereva ni chuma. Viwanja vyenye akili vinaita zamu mbili KABLA ya dhoruba na kuzilaza palepale.

#32 Kipupwe
Njia nyingi maana yake kilomita nyingi za kufagia. Malori yaliyopo ukiyagawa kwa njia zote hayatoshi hata moja. Mnaona tumerudi wapi?

#33 Brashi Ndefu
Hapo sikubaliani nawe wala na wenzako. Uwanja wenye njia nyingi haugawi malori. Unachagua njia 1 au 2 kulingana na upepo, unazitetea hizo, nyingine unaziacha zifukiwe na kuzichimbua baadaye. Kinachoshinda watu ni pa kuitupa theluji ya maegesho. Ya njia ya kurukia unairusha majanini. Ya maegesho imezungukwa na majengo, inabebwa kwa malori ya tipa.

#34 Kapero
Si kuna mitambo ya kuyeyusha? Unaitumbukiza humo, maji yanaenda kwenye mtaro.

#35 Kemia ya Usiku
Ipo, ila piga hesabu. Kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi 0 kunataka kilojuli 334. Tani moja ni megajuli 334. Lita ya dizeli ina megajuli kama 36, kwa hiyo lita 9 na kitu kwa tani, bila kuhesabu joto linalopotea wala theluji iliyo chini ya sifuri. Chukua zile tani 1,500 za #2: lita kama 14,000 kwa eneo la njia moja. Kwa maegesho ni zaidi, na maji hayo yana glaikoli ndani, mtaro wa kawaida hauyapokei.

#36 Brashi Ndefu
Ndiyo maana mtambo unawekwa pale tu ambapo tipa ingesafiri mbali kuliko thamani ya mafuta. Kwingine wanarundika kwenye kona isiyozuia waongozaji kuona wala mabawa kupita, na rundo lenyewe linabaki hapo hadi Aprili.

#37 Kipupwe
Na tipa, Kapero, ni nini?

#38 Fundi Maegesho
Mods, mfungieni huyu kabla hajamaliza.